Kiti Kikibaki Wazi Upareni

Diwani wa kata ya milimani akifariki, kabla matanga hayajaanuliwa watu wameshaanza kuulizana nani atamrithi. Neno hilo "kurithi" linanishughulisha, kwa sababu Upareni lina historia ndefu.

Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilichotoka 1969, anasimulia jinsi Angovi wa ukoo wa Wasuya alivyowapindua Washana, wahunzi waliotawala Ugweno kaskazini mwa Upare, na jinsi mwanawe Mranga alivyousimika utawala mpya. Tangu hapo kiti kikawa cha ukoo huo. Utaratibu huo ulikuwa na nafuu yake: mzee akiondoka, watu walijua pa kumtafuta mwingine. Ila wananchi hawakuwa na siku ya kumwambia mtawala "basi". Ubaya wake ulionekana wakati wa Mwingereza, watawala wa jadi walipotumika kutoza mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa mali ya mtu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka hadi Same kuipinga. Hawakuwa na kura, wakatumia miguu.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria. Leo Tanzania, kata ikikosa diwani, huitishwa uchaguzi mdogo, na wakazi wa kata hiyo huulizwa upya. Lakini katika halmashauri hiyohiyo wamo madiwani wa viti maalumu, ambao nafasi zao hujazwa kwa majina yanayotoka kwenye chama. Mama wa Gonja au Chome hapigi kura kumpata mwakilishi huyo. Chama, kwa hili, kimeshika nafasi ya ukoo.

Wakenya wana njia ya tatu. Gavana akifariki, naibu wake humalizia muhula. Nyeri ilipitia hayo mara mbili ndani ya mwaka 2017: Nderitu Gachagua alifariki Februari, akaingia naibu wake Samuel Wamathai; kisha Wahome Gakuru, aliyechaguliwa gavana mwaka huohuo, akafa ajalini Novemba, na siku chache baadaye naibu wake Mutahi Kahiga akaapishwa. Kazi haikusimama. Tena naibu si mgeni kwa wapiga kura, maana jina lake lilikuwa pamoja na la gavana siku ya kura. Hata hivyo, mwakilishi wa wadi akifariki, Kenya nayo hurudi kwa wananchi, na hapo naona wamepima vizuri: ofisi kubwa isilale, lakini mtu wa karibu na wananchi wamchague wenyewe.

Kwetu uchaguzi mdogo nao uliwahi kupoteza maana. Mwaka 2018 kata nyingi nchini zilipata madiwani waliopita bila kupingwa; kiti kikajazwa pasipo mwananchi hata mmoja kutumbukiza karatasi sandukuni. Huo kwangu ulikuwa urithi uliovaa nguo za uchaguzi. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 imeufunga mlango huo: mgombea akibaki peke yake, bado lazima apigiwe kura.

Kwa hiyo, ndugu wa Same, kata yenu ikibaki wazi, msiseme ni uchaguzi wa kiti kimoja tu. Shukeni kituoni, hata kama karatasi ina jina moja.