Ndoa Mbele ya Mahakama ya Katiba

Afrika ya Kusini iliujua tangu zamani uchungu wa serikali kujipa mamlaka ya kuamua nani amwoe nani, kwani kwa sheria ya mwaka 1949 Mzungu na asiye Mzungu waliharimishiwa kuoana, na marufuku hiyo haikufutwa ila mwaka 1985. Ndipo, ilipotungwa Katiba ya mwaka 1996, waliotunga wasitosheke kukataza ubaguzi wa rangi na wa dini, bali wakabainisha kwamba haijuzu kumdhulumu mtu kwa kumpenda mtu wa jinsia yake.

Hata hivyo haki hizo hazikuja kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria zilizowahesabu wanaume kuwa wahalifu kwa mapenzi kati yao. Mwaka 1999 ikamwezesha mgeni kukaa nchini na mwenziwe aliye raia. Mwaka 2002 ikampa mwenzi wa jaji mmoja wa kike mafao wanayopata wake na waume wa majaji, na mwaka huohuo ikawaruhusu wawili wa jinsia moja kuasili mtoto kwa pamoja. Kila haki ilidaiwa kwa kesi yake, kwa gharama yake na kwa subira yake. Na aliyepata mafao leo hakuwa na hakika ya mirathi kesho, hali ndoa huyakusanya yote hayo katika akdi moja.

Akdi hiyo ndiyo waliyoitaka Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, wanawake waliokuwa wakiishi pamoja tangu mwaka 1994. Kizuizi chao kilikuwa tamko lililowekwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1961, ambamo kila mmoja huulizwa kama anawashuhudisha waliohudhuria kwamba anamchukua mwenziwe kuwa mke au mume wake wa halali, kisha wawili hupeana mkono wa kulia. Na sheria haikukubali tamko hilo litolewe na wanawake wawili.

Kesi yao ilifika Mahakama ya Katiba, iliyojengwa Johannesburg, palipokuwa gereza, na matofali ya gereza lile yametumiwa katika kuta zake. Humo, tarehe 1 Desemba 2005, jaji Albie Sachs aliandika kwamba madhara ya kunyimwa ndoa si ya mali peke yake, kwa kuwa anayenyimwa huambiwa kuwa mapenzi yake ni duni. Aliandika pia kwamba viongozi wa dini hawatalazimishwa kufungisha ndoa isiyokubaliwa na imani yao. Bunge lilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria, na kama lisingefanya hivyo, neno “mwenzi” lingeingia katika tamko kwa amri ya mahakama. Sheria mpya ilianza tarehe 30 Novemba 2006, ikaifanya nchi hiyo kuwa ya tano duniani, na ya kwanza Afrika, kuruhusu ndoa za watu wa jinsia moja.

Hata baada ya hapo maofisa wa serikali waliweza kukataa kuwafungisha ndoa wawili wa jinsia moja kwa hoja ya dhamiri, mpaka idhini hiyo ilipoondolewa mwaka 2020. Ilikuwa sawa iondolewe, maana ndoa ya sheria humpa mtu stahili ya kuidai haki yake kwa ofisa yeyote wa dola, pasipo kutegemea hisani ya anayemhudumia.