UZI: Ni kweli wanawake wa Kenya "walipewa" kura bila kuipigania?

1/ Mjadala wa thuluthi mbili ya jinsia ukirudi mtandaoni, lazima mtu aandike: "Wanawake wa Kenya hawakuwahi kupigania kura. Walipewa tu 1963 pamoja na uhuru." Wiki hii nimeiona tena, na aliyeandika ni kijana wa kwetu Embu. Wengi walikubaliana naye. Hebu tuiangalie polepole.

2/ Kwa wageni: mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, na kanuni ya nyuzi zangu ni ile ile. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukileta matusi ya vyama kwenye maoni, nitafuta.

3/ Kwanza tarehe. Kura ya mwanamke Kenya haikuanza 1963. Ilianza 1919, ila kwa Mzungu peke yake. East Africa Women's League iliundwa 1917, na kura ilikuwa mojawapo ya mambo ya kwanza iliyodai. Miaka miwili baadaye wakaipata. Uingereza kwenyewe, mwanamke wa chini ya miaka 30 alingoja hadi 1928.

4/ Gazeti kubwa la wakati huo lilikuwa East African Standard. Lilianzia Mombasa 1902 likiitwa African Standard, mwanzilishi wake akiwa mfanyabiashara Mhindi, A. M. Jeevanjee. Aliliuza, likabadilishwa jina, likahamia Nairobi na kuwa sauti ya masetla. Katika siasa hiyo, "mwanamke" wa kupiga kura alikuwa mke wa setla. Mama wa Mbeere au wa Igembe alionekana kwenye hesabu ya kodi tu, manake mume alitozwa kwa kila nyumba, na kila mke alikuwa na nyumba yake.

5/ Msikimbilie kusema ni Wazungu tu. Magazeti ya Waafrika yalipokuja, yalitetea ardhi na elimu kwa ujasiri mkubwa. Muigwithania, la Kigikuyu, lilianza 1928. Lakini likifika kwa mwanamke, mara nyingi lilikuwa na onyo: msichana aliyeenda Nairobi, mke asiyetulia nyumbani. Mwanamke alikuwa mada ya wanaume kujadiliana. Yeye kuandika ilikuwa nadra, na sababu mojawapo ni rahisi: wasichana waliopelekwa shule walikuwa wachache mno.

6/ Halafu ikaja Oktoba 1952. Hali ya Hatari ikatangazwa na serikali ikapiga marufuku magazeti mengi ya lugha zetu. Eneo la Mlima Kenya, yaani Gikuyu, Embu na Meru, likaandikwa kwa miaka kadhaa na watu wengine: magazeti ya masetla, idara ya habari ya serikali, na Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanza 1939 chini ya kampuni ile ile ya Standard.

7/ Ukisoma maandishi ya kipindi hicho utakutana na mwanamke wa aina mbili. Wa kwanza ni mbaya: anapelekea wapiganaji chakula msituni, amekula kiapo. Wa pili ni mzuri: yuko kwenye kikundi cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanza 1952, anajifunza kushona, kupika na kulea mtoto. Mwanamke mwenye maoni yake kuhusu ardhi au uchaguzi ni vigumu sana kumpata.

8/ Cucu wangu alikuwa msichana wa miaka 16 hivi walipohamishiwa kijiji cha Hali ya Hatari. Anasema waliamshwa asubuhi kuchimba mtaro ukingoni mwa msitu, yeye akibeba udongo na mama yake akichimba. Nilimuuliza kama kuna mtu wa gazeti aliyewahi kufika. Akacheka. "Aje kuuliza nini, mwana wakwa? Sisi tulikuwa jembe."

9/ Sasa twende Meru, 1956. Hapa ndipo ile hoja ya "hawakupigania" inaanza kunisumbua. Aprili mwaka huo Njuri Ncheke, baraza la wazee, wote wanaume, wakiungwa mkono na ofisi ya DC, walipiga marufuku tohara ya wasichana. Hakuna msichana aliyeulizwa. Kilichofuata kinaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Wasichana walijikusanya na kukaidi amri.

10/ Kati ya 1956 na 1959, watu zaidi ya 2,400, wakiwemo wasichana, mama zao na baba zao, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika huko Meru kwa kuvunja amri hiyo. Nieleweke vizuri: mimi napinga ukeketaji, na sheria ya 2011 iko sahihi. Lakini hebu tuseme ukweli. Maelfu ya watu wakikaidi amri ya serikali na ya wazee kwa wakati mmoja, hiyo ni siasa. Wangekuwa vijana wa kiume wanakataa kodi, tungeiita maandamano.

11/ Leo Ngaitana tunaijua hasa kwa sababu mtafiti mmoja, Lynn Thomas, alichimbua faili za mahakama na kukaa na akina mama wa Meru akawasikiliza. Kitabu chake kilitoka 2003. Kumbuka hilo: kumbukumbu zilikuwa kwenye faili za kesi na vichwani mwa akina nyanya. Anayetafuta siasa ya wanawake kwenye kurasa za mbele za magazeti pekee atatoka akisema hawakufanya chochote.

12/ Sasa kura yenyewe. Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Sheria haikusema mwanamke asipige. Ilisema uwe na elimu, au kipato, au mali, au utumishi wa miaka mingi na kadhalika, na mwenye sifa nyingi aliweza kupata hadi kura tatu. Sasa fikiria mama wa kijijini: shamba ni la mume, shule hakwenda, mshahara hana.

13/ Na kwetu kulikuwa na kikwazo cha ziada. Mgikuyu, Mwembu na Mmeru alihitaji pia cheti cha uaminifu kwa serikali ndipo aandikishwe. Cucu anasema baba yake alikuwa nacho. Mama yake je? "Hakuulizwa." Kwa hiyo uchaguzi ule uliosifiwa kama hatua kubwa kwa Waafrika, na kwa kweli ulikuwa hatua, uliwaacha nje wengi wa waliochimba ule mtaro.

14/ Uchaguzi wa 1961 ulilegeza masharti: ukijua kusoma na kuandika, au ukiwa umepita miaka 40, unaingia. Mwaka wa 1962, kwenye mkutano wa katiba Lancaster House, ujumbe wa Kenya ulikuwa na mwanamke Mwafrika mmoja tu, na alizungumza kwa niaba ya wenzake. Mei 1963 kila mtu mzima akapiga kura. Cucu alipiga yake ya kwanza akiwa na miaka 25. Anakumbuka foleni kuliko mgombea.

15/ Je, baada ya kura mambo yalibadilika? Kulikuwa na sheria ya 1959 iliyomruhusu mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto matunzo. Wapinzani wake walisema wasichana wanageuza mimba kuwa biashara, na maneno hayo yakazunguka bungeni na magazetini. Juni 1969 bunge likaifuta. Wakati huo hakukuwa na hata mwanamke mmoja aliyechaguliwa bungeni. Wa kwanza, kutoka Kisumu, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo.

16/ Ukiziweka pamoja, 1928, 1952, 1956, 1969, utaona mwanamke anajadiliwa kwa mwenendo wake: ametahiriwa au hajatahiriwa, ametulia nyumbani au hajatulia, ana mimba ya nani. Anachotaka kutoka kwa serikali hakiulizwi. Halafu sisi tunakuja miaka 60 baadaye, tunatazama ukimya huo na kusema, "Si mnaona? Hawakutaka."

17/ Mtaniambia hayo ni ya zamani. Mwaka wa 2022 Embu na Meru, zote mbili, zilichagua gavana mwanamke. Kweli, na sitaingia kwenye utendaji wa yeyote, pimeni wenyewe. Nawaomba tu mpitie maoni ya kipindi kile cha kampeni. Ameolewa wapi? Mumewe ni wa hapa? Mbona anavaa hivyo? Mgombea mwanamume aliulizwa barabara, bei ya majani chai, miraa, maji ya Mbeere.

18/ Na Katiba ya 2010, vifungu 27 na 81, inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya nafasi za kuchaguliwa au kuteuliwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu alimshauri Rais avunje bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza hilo. Halikuvunjwa. Unaweza kupinga viti vya ziada kwa sababu ya gharama, hiyo ni hoja halali, tuijadili. Lakini "hawakupigania" iondoe mezani, haina miguu.

19/ Ombi moja tu. Kama una cucu aliye hai, wa Embu, Chuka, Tharaka au Meru, muulize: ulipiga kura mara ya kwanza mwaka gani, na kwa nini si kabla ya hapo? Andika jibu lake hapa chini, bila jina lake. Mimi nimeanza na wangu. Na yule kijana wa Embu, kama unasoma, nimekusubiri kwenye maoni. Bila matusi.