Wapishi Walioifanya Forodhani Kuwa ya Watu

Historia ya Bustani ya Forodhani, pale pwani ya Mji Mkongwe wa Unguja, huandikwa kwa majina ya wakubwa: sultani aliyeadhimishwa, binti wa mfalme aliyejengewa lango, taasisi iliyotoa fedha za ukarabati. Wakubwa hao wametoa ardhi, mawe na taa, na haki yao wapewe. Hoja yangu ni kwamba kilichoifanya Forodhani kuwa mahali pa watu ni chakula cha jioni: mishkaki, urojo, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na ule mkate wa kukunja uliojaa kima na yai ambao siku hizi huitwa pizza ya Zanzibar. Wapishi wa mezani ni miongoni mwa waasisi wa bustani hii, na anayetaka kuipangia mambo yake aanze kwao.

Kabla ya kuota nyasi, hapa palikuwa mahali pa kazi na ushuru. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856, aliikuta forodha ikiwa banda refu lililoezekwa kwa majamvi juu ya nguzo za miti, na akastaajabu kwamba mali nyingi kiasi kile ilipita chini ya paa duni namna ile. Pembe za ndovu na karafuu zilitozwa hapo. Watu waliouzwa utumwani nao walitozwa kwa kichwa, na hilo halifai kusahauliwa na anayekaa hapo leo na sahani mkononi. Kwa miaka mingi ukusanyaji wa ushuru ulikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, mfanyabiashara mwenye asili ya Kutch. Mwaka 1883 Sultani Barghash akasimamisha jumba la Beit-al-Ajaib mbele ya bahari hiyohiyo, na mwanzoni mwa karne ya 20 reli ya Bububu ikawa inaanzia karibu na Ngome Kongwe. Penye mahamali, mabaharia na abiria hapakosekani mwenye kuuza kahawa na kitu cha kutafuna. Mtu aliyebeba mizigo tangu alfajiri hangojei kurudi nyumbani ndipo ale.

Bandari mpya ilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920, eneo hili likabaki bila kazi yake ya zamani. Likageuzwa bustani, na mwaka 1936 likawa ukumbusho wa miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub, aliyekalia kiti mwaka 1911. Mwaka 1956 likaongezwa lango kwa ajili ya ziara ya Princess Margaret wa Uingereza. Ilikuwa bustani ya heshima, ya kutazamwa na kupita kwa adabu. Sasa jiulize: ni kipi katika hayo kingemtoa mtu wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, nyumbani kwake baada ya magharibi, avuke Darajani na watoto wake, aje kukaa saa mbili? Kupunga upepo kunatosha kwa nusu saa. Kinachomkalisha mtu ni chakula, na watu wa Unguja walilijua hilo zamani, maana sikukuu za Idi katika viwanja vya Mnazi Mmoja zilikuwa zikienda hivyohivyo: nguo mpya, fedha za sikukuu mkononi mwa mtoto, na vyakula vya kununua na kula palepale.

Hapo huja pingamizi la kwanza: eti hiyo pizza ni kiini macho cha watalii, haina mizizi. Jina ni la juzi, sikatai. Lakini tazama mikono ya mpishi. Donge dogo la unga lililolala kwenye mafuta huvutwa kwa viganja mpaka liwe jembamba kama karatasi. Katikati huwekwa kipande kingine cha unga lisije likapasuka. Huja kima, kitunguu, pilipili boga, kijiko cha mayonezi na jibini, kisha yai huvunjwa juu yake na vyote huchanganywa palepale. Pembe nne hukunjwa kuelekea kati, kikapatikana kitu cha mraba, kikageuzwageuzwa kwenye chuma chenye samli mpaka kiive rangi ya dhahabu. Mtu wa Mombasa atakitambua mara moja: ni ndugu wa mkate wa mayai. Mtu wa Yemen ataona mutabbaq yake, na Mmalaya ataona murtabak. Ni chakula cha njia za bahari ya Hindi. Naples haina sehemu kubwa hapo zaidi ya jibini na jina. Utalii ulipokua baada ya biashara kufunguliwa katika miaka ya 1980, wapishi walikitafutia chakula cha zamani wateja wapya, wakaongeza hata cha ndizi na chokoleti. Huo ni ufundi wa biashara, na urojo wenyewe, wenye bajia na kachori za Kihindi, ulizaliwa kwa njia hiyohiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: moshi, taka, na samaki waliopangwa mezani kwa saa nyingi. Waliosema hivyo hawakukosea, lakini dawa yake imekwishaonekana. Ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture, uliokamilika mwaka 2009, ulitengeneza ukuta wa bahari, njia na taa, na wauzaji wakarudi ndani ya bustani iliyopangwa upya. Uchafu ulishughulikiwa kwa huduma bila kuwafukuza wanaopika. Linalobaki ni bei. Mwenyeji akiogopa kuuliza kwa kudhani atatajiwa bei ya mgeni, atahamisha jioni zake kwingine, na bustani itarudi kuwa ya kutazamwa. Bei ziandikwe mezani kwa shilingi, zionekane na kila mtu, na sehemu za kukaa karibu na meza ziwe wazi hata kwa familia iliyonunua sahani moja ya urojo na kuigawana watu wanne.