Wapimaji wa Uwongo na Amana Yao

Mwaka 1921, katika mji wa Berkeley, California, askari polisi John Larson, mwenye shahada ya udaktari katika elimu ya mwili, aliunda mtambo ulioandika mfululizo wa mwendo wa damu na pumzi za mtu aulizwaye maswali. Kesi yake ya kwanza ilikuwa wizi katika bweni la wanafunzi wa kike. Baadaye alimwoa mmoja wa wasichana aliowapima, jambo ambalo kanuni za leo zisingalilitazama kwa upole.

Mtambo wenyewe haukujua uwongo. Ulijua mapigo ya moyo tu, na moyo wa mwoga hupiga kama wa mwovu. Mzigo wote, basi, ulimwangukia mpimaji. Larson alitaka kazi hii ishikwe na wajuzi, taratibu na kwa uchunguzi. Msaidizi wake kijana, Leonarde Keeler, alifuata njia nyingine, akafungua shule Chicago mwaka 1948.

Keeler alipenda kuanza kwa mchezo wa karata: mtu huchagua karata kwa siri, mpimaji akaitambua, mtu akaamini kuwa mtambo haukosei. Wapo wapimaji waliotumia karata zilizotiwa alama. Hapa pana fundo la jambo zima, kwani msaka uwongo alianza kazi yake kwa uwongo. Watetezi walijibu kwamba wahalifu wengi walikiri, na ni kweli. Walakini iliyowakirisha ni hofu, wala si elimu.

Mwaka 1923 mahakama ya rufani ya Washington, katika kesi ya Frye, ilikataa ushahidi wa William Marston uliotegemea shinikizo la damu, kwa kuwa wajuzi walikuwa hawajaukubali. Wapimaji wakaelekea madukani, katika mabenki na viwandani, ambako hapakuwa na hakimu wa kuwapima wao. Chama chao cha Marekani kiliundwa mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya kufa kwa Larson, ambaye alikuwa amegeuka mpinzani wa matumizi ya chombo chake. Lakini sheria ya kuwazuia waajiri wengi wa binafsi ilingoja hadi mwaka 1988.

Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa hesabu ya mfano: katika watumishi 10,000 wenye wapelelezi 10, kipimo kiwezacho kuwanasa 8 kingewatia shakani pia watu wasio na hatia wapatao 1,600.