Muziki wa piano wa Florence Price

Muziki wa piano wa Florence Price ni kazi zilizotungwa kwa ajili ya piano na Florence Beatrice Price (Little Rock, Arkansas, 9 Aprili 1887 – Chicago, Illinois, 3 Juni 1953), mtunzi Mmarekani Mweusi aliyekuwa pia mwalimu na mpiga kinanda cha kanisani. Sehemu kubwa ya kazi hizo haikuchapishwa wakati wa uhai wake. Nyingi zilidhaniwa zimepotea, hadi shehena ya karatasi zake ilipokutwa mwaka 2009 katika nyumba iliyoachwa tupu. Historia ya kazi hizo inaonyesha jinsi muziki ulioandikwa unavyoweza kunyamaza kwa miaka mingi, na mambo yanayohitajika ili usikike tena.

Maisha ya mtunzi

Baba yake Price alikuwa daktari wa meno, na mama yake mwalimu wa muziki ndiye aliyemfundisha piano tangu utotoni. Alisoma katika chuo cha New England Conservatory mjini Boston, akahitimu mwaka 1906 katika upigaji wa kinanda na ualimu wa piano. Baadaye alifundisha katika vyuo vya Watu Weusi kusini mwa Marekani. Mwaka 1912 aliolewa na mwanasheria Thomas J. Price.

Mwaka 1927 kundi la Wazungu lilimuua mtu Mweusi mjini Little Rock bila ya hukumu ya mahakama. Familia ya Price, kama familia nyingine nyingi za Watu Weusi za wakati ule, iliondoka Kusini ikahamia Chicago. Ndoa ilivunjika mwaka 1931, naye akawalea mabinti zake kwa kufundisha na kwa kupiga kinanda katika kumbi za filamu zisizo na sauti.

Mwaka 1932 alishiriki mashindano ya watunzi yaliyoitwa Wanamaker. Simfonia yake ya kwanza ilipata tuzo ya kwanza, na sonata yake ya piano ikapata ya tatu. Tarehe 15 Juni 1933 simfonia hiyo ilipigwa na Chicago Symphony Orchestra chini ya uongozi wa Frederick Stock. Price akawa mwanamke Mmarekani Mweusi wa kwanza ambaye simfonia yake ilipigwa na okestra kubwa ya nchi hiyo.

Kazi za piano

Kazi zake za piano ni za ngazi mbalimbali. Kwanza kuna vipande vifupi vya wanafunzi, ambavyo alivitunga kama mwalimu na ambavyo vilikuwa rahisi kupata mchapishaji. Pili kuna kazi kubwa za jukwaani, zikiwemo sonata na fantasia nne zinazoitwa Fantasie nègre. Ya kwanza kati ya hizo, ya mwaka 1929, imejengwa juu ya wimbo wa dini wa watumwa Weusi wa Marekani, lakini ufundi wa vidole unaotakiwa ni ule wa watunzi wa Ulaya wa karne ya 19. Tatu kuna Dances in the Canebrakes, dansi tatu alizozitunga karibu na mwisho wa maisha yake.

Jambo linalosikika mara nyingi katika kazi hizo ni mdundo wa juba, dansi ya watumwa. Katika baadhi ya maeneo watumwa walikatazwa ngoma. Sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 ni mfano mmoja. Wachezaji walitumia mwili badala yake, wakipiga makofi, mapaja na miguu chini. Kwenye piano, mkono wa kushoto unashika mapigo yasiyobadilika kama miguu, na mkono wa kulia unapiga kiimbo kinachoangukia kati ya mapigo hayo.

Kupotea na kupatikana

Muziki wa aina hii huishi kwa noti. Ikiwa nakala ni moja tu, iliyoandikwa kwa mkono, mpigaji wa mji mwingine hawezi kuujifunza hata akiusikia sifa. Price aliwaandikia waongozaji maarufu wa okestra bila mafanikio makubwa. Alijua kwamba kuwa mwanamke na kuwa Mweusi vilimfungia milango. Alipofariki mwaka 1953, kazi zake nyingi zilibaki katika hali hiyo.

Mwaka 2009 wanunuzi wa nyumba chakavu huko St. Anne, kusini mwa Chicago, walikuwa wakijiandaa kuikarabati. Mti ulikuwa umeangukia paa, lakini sehemu moja ya nyumba ilibaki kavu, na humo mlikuwa na mafungu ya karatasi zenye jina la Price. Zamani alikuwa akiitumia nyumba hiyo wakati wa kiangazi. Karatasi zilipelekwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Arkansas, ambayo tayari ilikuwa na baadhi ya nyaraka zake. Miongoni mwake mlikuwa na konseto mbili za fidla, simfonia ya nne na muziki wa piano.

Kusambazwa kwa kazi zake

Kupatikana kwa karatasi hakukutosha. Kurasa zilipaswa kupangwa, kusomwa na kulinganishwa. Mpiga piano na mtafiti Samantha Ege alifanya kazi hiyo kwa Fantasie nègre ya tatu, iliyodhaniwa kuwa haikukamilika, kwa kuunganisha kurasa zilizokuwa zimetengana. Mwaka 2021 alitoa albamu yenye fantasia zote nne.

Mwaka 2018 kampuni ya G. Schirmer ilipata haki za kuchapisha kazi za Price duniani kote. Tangu hapo noti zake zinaweza kununuliwa na mpigaji wa nchi yoyote. Rekodi ya simfonia yake ya kwanza na ya tatu, iliyopigwa na Philadelphia Orchestra, ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2022.

Kwa msikilizaji anayeanza

Anayeanza anaweza kusikiliza kwanza Dances in the Canebrakes, ambazo ni fupi na zina midundo ya wazi. Baada ya hapo asikilize Fantasie nègre ya kwanza, akifuatilia kiimbo cha wimbo wa dini kila kinaporudi kikiwa kimepambwa upya. Mwanafunzi wa piano ataweza kuanza na vipande alivyovitunga Price kwa ajili ya wanafunzi wake mwenyewe.