Bukavu: mji uliochorwa kwa watu wachache, milima inayobeba wengi

Jina Bukavu linatokana na neno la Kimashi, « bunkafu », yaani shamba la ng'ombe. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, milima hii ya kando ya ziwa Kivu ilikuwa malisho ya Bashi. Leo imebeba watu wanaokadiriwa kupita milioni moja, na kila msimu wa mvua kuna familia zinazolala macho zikisikiliza kama ukuta unapasuka. Ili kuelewa jinsi mji ulivyofika hapo, na nini kinaweza kufanyika, ni lazima kurudi nyuma kidogo.

Wabelgiji waliweka kituo chao hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1927 waliupa mji jina la Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, aliyekuwa naibu wa gavana mkuu wa Congo. Jina la Bukavu lilirudi rasmi katika miaka ya 1950. Ramani waliyoichora ilifuata ubaguzi wa wakati ule. Wazungu walikaa kwenye rasi zinazoingia ziwani, kama vile La Botte, Muhumba na Nguba, kwenye viwanja vikubwa vyenye bustani. Wafanyakazi Waafrika waliwekwa Kadutu, juu ya mlima. Katika miaka ya 1950, ofisi ya serikali ya kikoloni iliyojenga makao ya Waafrika ilijenga pia Bagira. Kutoka hapo ndipo zikapatikana tarafa tatu tunazozijua: Ibanda, Kadutu na Bagira.

Mji huo ulikuwa na ubaya wake, lakini ulikuwa na nafasi. Picha zilizopigwa na ndege miaka ile zinaonyesha miteremko ya Funu ikiwa bado mashamba na majani. Vijito vilikuwa na njia zao hadi ziwani na hadi mto Ruzizi. Barabara na mitaro vilipimwa kwa ajili ya watu wachache.

Sheria pia ilikuwepo. Amri ya tarehe 20 Juni 1957 kuhusu upangaji wa miji inaeleza namna ya kuchora ramani ya mji na nani anatoa ruhusa ya kujenga. Amri hiyo iliendelea kutajwa kwa miaka mingi kama msingi wa upangaji wa miji nchini. Baada ya uhuru mwaka 1960, mji uliendelea kukua lakini ramani haikukua nao. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema kwamba udongo wote ni mali ya serikali. Kwa maandishi, hilo lingeweza kulinda mabonde na kingo za mito. Kwa vitendo, kiwanja kimoja kiliweza kupata hati mbili au tatu kutoka ofisi tofauti, na bustani za umma zikagawanywa vipande vipande.

Halafu vita vikaja. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kivu ya Kusini. Kambi kubwa kama Inera na Kashusha zilisimama karibu na hifadhi ya Kahuzi-Biega, na miti mingi ikakatwa kwa ajili ya kuni na makala. Mwaka 1996, na tena 1998, vita viliwakuta wanavijiji wenyewe. Watu wa Walungu, Kabare, Kalehe, Mwenga na Shabunda walikimbilia mjini, wengine kwa wiki chache, wengine hawakurudi tena. Mhami anayefika na godoro na watoto haulizi kama kiwanja kiko kwenye ramani ya 1957. Anauliza bei. Na kiwanja cha bei ndogo ni kile cha kwenye mteremko, cha kando ya mto, au kile kilichoporomoka mwaka uliopita na mwenyewe amekiacha.

Hivyo ndivyo sehemu zilizokuwa tupu zilivyojaa. Nyumba za mbao na mabati zilipanda mlima bega kwa bega. Njia zikawa nyembamba mno. Ndiyo sababu moto ukiwaka Kadutu, gari la zimamoto haliwezi kufika, na nyumba moja inapoteketea inabeba na jirani zake.

Kuna jambo moja ambalo kila mkaaji wa milima anapaswa kulijua. Watafiti wa Congo na wa Ubelgiji walichunguza mlima wa Funu kwa kulinganisha picha za ndege za zamani na picha za setelaiti, kipindi cha karibu miaka 70. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2022, unaonyesha kwamba udongo wa Funu ulikuwa ukitembea polepole tangu zamani. Lakini mji ulipouvamia, sehemu ya mlima huo iliongeza mwendo. Sababu ni maji. Maji ya mabati yanamwagika ovyo kwenye udongo, mabomba yaliyopasuka yanavuja siku nzima, vijito vimezibwa na kupotoshwa njia. Maji hayo yakiingia chini, mlima unalainika na kuteleza. Basi mvua si mshitakiwa pekee. Namna tunavyojenga inaingia nayo katika kesi.

Jirani zetu wametupa onyo tayari. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe. Zaidi ya watu 400 walikufa. Bukavu imejengwa kwenye milima ya aina hiyo hiyo, na ina watu wengi zaidi kwa kila mteremko. Wataalamu wa hali ya hewa wanatarajia mvua kubwa za ghafla ziongezeke kadiri dunia inavyopata joto.

Basi kuandaa mji kwa miaka ijayo maana yake ni nini? Jibu ambalo serikali nyingi hutoa ni bomoabomoa. Historia inaonyesha mwisho wake: mtu aliyebomolewa bila kupewa mahali pengine anarudi baada ya miezi michache, au anapanda juu zaidi, mahali pabaya zaidi. Kumhamisha mtu kuna maana pale tu kiwanja kingine kinapokuwa kimepimwa, chenye maji na njia ya kufika sokoni.

Kazi ya kwanza ni kuyapa maji njia. Mitaro ya mawe kutoka juu hadi bondeni, mapipa chini ya mabati, na mabomba yanayotengenezwa mara yanapopasuka ni kazi zinazogharimu kidogo kuliko mazishi. Kazi ya pili ni taka. Plastiki zinazotupwa mitaroni zinashuka hadi ziwani, kisha zinafika kwenye bwawa la Ruzizi, ambalo linatoa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Zinakwamisha mashine na mji unabaki gizani. Anayetupa chupa Nyawera anaweza kujizimia taa mwenyewe. Kazi ya tatu ni miti yenye mizizi mirefu kwenye kingo za mabonde, na kuacha mabonde yenyewe bila hati mpya za kiwanja.

Nchi ina mipango ya kitaifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na ahadi zake zimewekwa chini ya Mkataba wa Paris. Lakini mpango wa Kinshasa haujui mtaro gani umeziba Cimpunda. Anayejua ni mkaaji, na mara nyingi ni mhami aliyejenga karibu nao. Salongo, iliyoanza kama amri ya utawala wa Mobutu katika miaka ya 1970, bado inaweza kusafisha mtaro kwa asubuhi moja. Isichoweza ni kuchora ramani, kupima viwanja wala kumzuia ofisa anayeuza bonde. Hiyo ni kazi ya mamlaka, yeyote anayekaa kwenye kiti.

Tangu 1957, Bukavu haikukosa sheria. Ilikosa mtu wa kuzitekeleza na mahali pa kuwapeleka waliokosa pa kwenda. Mpango wowote mpya usiowahesabu wahami kama wakaaji wa mji utakuwa tena ramani ya watu wachache. Na mlima hautofautishi mwenyeji na mgeni. Ukiteremka, unawabeba wote.