Mtoto Akiuliza, "Kwani Ilitokea Kweli?"

Ukisimama ufuoni Asembo Bay ukatazama kusini, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, utauona mlima Homa. Upande huo, karibu na Kendu Bay, kuna ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Habari zake zinajulikana pande zote mbili za ghuba. Palikuwa na kijiji. Siku moja watu wakiwa kwenye pombe na ngoma, akaja bibi kizee kuomba hifadhi, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Usiku ule mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Mtaalamu wa miamba naye atakwambia ziwa hilo ni shimo la volkeno. Sasa mtoto aliyesikia yote mawili atakuuliza: kwani ilitokea kweli?

Swali hilo ndilo kipimo cha kitabu chochote cha historia anachoandikiwa mtoto.

Sehemu hii ya Siaya ilitoa wanawake wawili waliolichukulia kwa uzito. Grace Ogot alizaliwa Asembo mwaka 1930. Asenath Bole Odaga alizaliwa Rarieda hiyohiyo mwaka 1937. Wote wawili walikulia katika jamii ambayo watoto walikwenda siwindhe, nyumba ya bibi kizee, kusikiliza ngano usiku, na mwisho wa kila ngano ilitamkwa thu tinda. Mwaka 1966 Odaga alitoa kitabu cha watoto kiitwacho Jande's Ambition. Mwaka huohuo Ogot alitoa riwaya yake The Promised Land. Baadaye Odaga aliukusanya urithi wa siwindhe katika kitabu alichokipa jina Thu Tinda, na mwaka 1982 akaanzisha Lake Publishers mjini Kisumu, ili vitabu vya ziwani visingoje ruhusa ya Nairobi au London. Ogot naye aligeukia Kijaluo. Katika Miaha, kilichotoka mwaka 1983, anasimulia jinsi jembe lililokuwa likilima lenyewe lilivyoacha kazi hiyo, na binadamu akaanza kutoa jasho.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa. Siwindhe zilikuwa zikifungwa, shule za bweni zikifunguliwa, na bibi aliyejua ngano hizo hakuwa na daftari. Lakini tusichanganye mambo. Ngano ya jembe inamfundisha mtoto jinsi wazee walivyoifikiria kazi. Haimwambii nani alilima wapi, mwaka gani, wala nani alimtoza kodi. Hiyo ni kazi nyingine, na rafu yake bado ina nafasi tele.

Chukua Desemba 1921. Walimu na vijana waliosoma Maseno walikutana Lundha, Gem, kaskazini ya Asembo, wakaunda Young Kavirondo Association. Mwenyekiti wao alikuwa Jonathan Okwiri. Walikuwa na malalamiko: kodi ya nyumba, kipande ambacho mwanamume alilazimika kukivaa shingoni, na nchi kugeuzwa koloni mwaka 1920 bila wenyewe kuulizwa. Watu wakaliita vuguvugu lile Piny Owacho, yaani nchi imesema. Hebu fikiria msomaji wa miaka kumi na moja akiupata mkutano ule kama kisa: nani alikuja kwa miguu, nani aliogopa chifu, maneno gani yalipimwa kabla ya kusemwa. Darasani anaupata kama jibu la swali la mtihani, "taja sababu tano", na akishataja, zinamtoka kichwani kabla ya likizo.

Hapa ndipo penye mtego. Mwandishi akitaka kisa kinoge, atashawishika kubuni: atampa Okwiri maneno ambayo hakuna aliyeyaandika, atamtia mvua mkutanoni. Mtoto hatajua mpaka wa kinachojulikana na kilichobuniwa. Wengine hukwepa mtego huu kwa kuandika kikavu kama ripoti ya baraza. Zote mbili ni dharau kwa msomaji mdogo.

Njia ya tatu ipo, na mfano wake uliishi nyumba moja na Grace Ogot. Mumewe, Bethwell Ogot, alichapisha History of the Southern Luo mwaka 1967. Alikuwa amekusanya masimulizi ya wazee wa koo mbalimbali, akayalinganisha, akahesabu vizazi ili kukadiria nyakati. Hakuyachukua masimulizi kama Injili, wala hakuyatupa kama porojo. Njia hiyo mtoto anaielewa kabisa! Mwambie: mzee huyu alisema hivi, yule akasema vile, barua ya serikali inasema tofauti, wewe unaonaje? Tayari una kisa chenye mashaka ndani yake, na mashaka ndiyo yanayomfanya mtu afungue ukurasa unaofuata.

Kwa hiyo mtoto akiuliza kuhusu Simbi, mjibu bila kuzungukazunguka. Shimo ni la volkeno. Bibi kizee hatuna ushahidi wake. Ila watu wa pande hizi wameshika habari hiyo kizazi hadi kizazi kwa sababu walitaka watoto wao wajue kwamba mgeni hafukuzwi usiku. Hilo nalo ni historia yao. Kisha mpeleke Lundha, mwaka 1921, ambako wenyeji ndio waliokuwa wakibisha mlango.